UZI: Benjamin Butler, wakili wa Lowell aliyewageuzia wenye watumwa sheria yao wenyewe

Msoma Tarehe (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila mada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ikiletwa humu, majina ni yale yale: Lincoln, Grant, Lee, Sherman. Leo nawaletea Benjamin Franklin Butler, wakili, jenerali na mwanasiasa wa Massachusetts. Huyu ni mtu ambaye serikali ya Kusini ilitangaza rasmi kwamba akikamatwa anyongwe, na hata kwao Kaskazini wengi walimwona mpenda makuu. Mimi namheshimu sana, na mabaya yake sitayaficha. Nitashusha kwa vipande. Mwenye haraka aruke hadi ngome ya Monroe.

Alizaliwa Deerfield, New Hampshire, tarehe 5 Novemba 1818. Baba yake, nahodha John Butler, alifariki kwa homa ya manjano huko visiwa vya Karibi, mtoto akiwa wa miezi michache tu. Mkae na hiyo homa kichwani, tutakutana nayo tena. Mwaka 1828 mama yake, Charlotte, alihamia Lowell, Massachusetts, akaendesha nyumba ya kulaza na kulisha wasichana wa viwandani. Kwa hiyo kijana alikulia meza moja na mabinti wa mashambani waliokuwa wakitoka kazini na pamba kwenye nywele, na alijua wanalipwa nini na wanachoka kiasi gani.

Lowell ulikuwa mji wa viwanda vya nguo kwelikweli. Na sisi tuna kumbukumbu yake bila kujua: zile nguo za merikani zilizoshushwa Unguja na merikebu za Salem, zikabebwa na wapagazi mpaka Tabora na Ujiji, zilifumwa katika viwanda vya Massachusetts vya aina hiyo hiyo. Pamba ililimwa na watumwa wa Kusini, ikafumwa na wasichana wa Kaskazini, ikavaliwa Unyamwezi. Vita ilipozuka 1861 na pamba ikakosekana, merikani iliadimika pwani yetu na nguo kutoka India na Uingereza zikachukua nafasi.

Butler alisoma chuo cha Waterville, Maine, akamaliza 1838. Alitamani kwenda West Point, chuo cha maofisa wa jeshi, akakosa nafasi, jambo lililomkera maisha yake yote. Akajifunza sheria ofisini kwa wakili, akaapishwa 1840. Alipata jina haraka kwa kesi za jinai na za wafanyakazi, na akapigania siku ya kazi iwe saa 10 wakati viwanda vikidai nyingi zaidi.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana juu yake. Kiwanda kilimnyima binti mmoja mshahara wake. Butler akaenda mahakamani, akapata hati ya kukamata mali ya kiwanda mpaka deni lilipwe. Angeweza kukamata viti, meza au marobota ya nguo. Akachagua gurudumu la maji. Gurudumu likisimama, mitambo yote ya kiwanda inasimama. Binti akalipwa fasta.

Naomba mkishike hicho kisa, kwa sababu ndiyo akili ya mtu huyu yote: anatafuta kile ambacho mwenzake hawezi kufanya kazi bila hicho, na anakikamata kwa sheria ile ile ambayo mwenzake anaiheshimu.

Bi Mkubwa wa Pangani

Nimeweka kambi hapa. Hilo la merikani limenigusa, bibi yangu alikuwa bado anaitaja. Tiririka mkuu.

Msoma Tarehe

Ahsante dada. Naendelea.

Kabla ya vita, Butler alikuwa upande ambao leo tungeuona aibu. Alikuwa Democrat, chama kilichowategemea mno wenye watumwa. Kwenye mkutano mkuu wa chama huko Charleston mwaka 1860, kura zikipigwa raundi baada ya raundi bila mshindi, Butler alimpigia zaidi ya mara 50 Jefferson Davis wa Mississippi. Ndiyo, Davis huyo huyo aliyekuja kuwa rais wa waasi. Hoja yake ilikuwa kwamba Davis angeliweka taifa pamoja. Mwaka huo huo akagombea ugavana wa Massachusetts akiwa na kundi la Breckinridge, lile la Democrat lililowaunga mkono wenye watumwa, akaangushwa vibaya.

Lakini alikuwa pia brigedia jenerali wa mgambo wa jimbo, na kwake kulivunja taifa lilikuwa jambo lisilosameheka. Aprili 1861 waasi walipoipiga mizinga ngome ya Sumter, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupeleka askari kuulinda mji mkuu. Baltimore ilikuwa imewaka moto wa fujo, njia ya reli imekatwa. Yeye akawapitisha watu wake kwa maji hadi Annapolis. Huko walikuta garimoshi bovu, vyuma vyake vimefunguliwa makusudi. Butler akauliza kama kuna anayejua kulitengeneza. Askari mmoja wa kikosi cha 8 cha Massachusetts akajitokeza, akasema injini hiyo imetengenezwa kwenye karakana alikokuwa akifanya kazi. Akaitengeneza, wenzake wakatandika reli upya, na njia ya Washington ikafunguka. Jeshi la mafundi na wafanyakazi wa viwandani hilo.

Tarehe 13 Mei akaingia Baltimore usiku wa mvua bila ruhusa ya mkuu wa majeshi Winfield Scott, akaweka mizinga kilimani. Scott alikasirika. Lincoln akampandisha cheo kuwa meja jenerali, kisha akapelekwa ngome ya Monroe huko Virginia.

Kabla hatujafika, niseme hili bila kumpaka mafuta. Mwezi mmoja tu nyuma, akiwa Maryland, Butler alimwandikia gavana wa huko kwamba askari wake wako tayari kusaidia kuzima uasi wowote wa watumwa. Gavana wake mwenyewe, John Andrew, alimkaripia kwa barua. Huyo ndiye mtu anayekwenda Monroe. Msimtarajie malaika.

Jogoo la Shamba

Mkuu, hapo sasa umenichanganya. Mtu wa kuzima uasi wa watumwa ndiye unamheshimu?

Msoma Tarehe

Swali zuri kaka, na jibu lake ni kipande hiki.

NGOME YA MONROE

Ngome hii iko kwenye ncha ya ardhi pale Hampton, Virginia, inaitwa Point Comfort. Ni mahali penye historia nzito. Mwaka 1619 hapo hapo ndipo waliposhushwa Waafrika ishirini na zaidi, walioporwa kutoka meli ya Wareno iliyokuwa inatoka Angola. Ndio Waafrika wa kwanza kuuzwa katika koloni la Waingereza la Virginia. Miaka 242 baadaye ngome ya serikali ya Muungano (upande wa Kaskazini) ilikuwa imesimama pale pale, katikati ya jimbo la waasi.

Butler alifika tarehe 22 Mei 1861. Usiku wa tarehe 23, siku ambayo wapiga kura wa Virginia waliidhinisha kujitenga, wanaume watatu walipanda mashua ndogo upande wa pili wa maji wakapiga makasia hadi ngomeni. Naomba tuwataje: Frank Baker, James Townsend na Shepard Mallory. Walikuwa watumwa wa kanali Charles Mallory wa mgambo wa Virginia, na walikuwa wamepelekwa Sewell's Point kujenga boma la mizinga ya waasi, mizinga iliyoelekezwa kwenye ngome hiyo hiyo. Walisikia wanataka kupelekwa mbali zaidi, North Carolina, kuendelea na kazi kama hiyo na kuachana na familia zao. Wakaamua.

Hebu fikirini hatari yake. Sheria ya mwaka 1850 ilisema mtumwa aliyetoroka arudishwe kwa bwana wake, na Lincoln alikuwa ameahidi mbele ya taifa zima kwamba ataitekeleza. Makamanda wengine wa Muungano walikuwa tayari wamewarudisha watoro. Watu hawa watatu hawakuwa na ahadi ya mtu yeyote. Walikuwa wanakwenda kubisha mlango ambao kisheria ulipaswa kufungwa usoni mwao, na wakirudishwa, fimbo au zaidi ya fimbo ilikuwa inawangoja.

Asubuhi Butler akawaita, akawahoji mmoja mmoja kando, kama wakili anavyohoji mashahidi. Walifanya kazi gani? Wapi? Kwa ajili ya nani? Majibu yakalingana. Akaona gurudumu la maji.

Mchana akaja meja John Cary wa Virginia na bendera nyeupe, wakakutana nje ya ngome. Walifahamiana, walikutana kwenye siasa za chama mwaka uliotangulia. Cary akauliza: je, jenerali hatatimiza wajibu wake wa kikatiba na kuwarudisha watoro? Butler akamjibu kwamba sheria ile ni ya Marekani, na Virginia inadai si sehemu ya Marekani tena. Nchi ya kigeni haina madai chini ya sheria hiyo. Kanali Mallory akitaka watu wake, aje hapa ngomeni ale kiapo cha utii kwa Marekani, ndipo watazungumza. Na kwa kuwa nyinyi wenyewe mnawahesabu hawa kuwa mali, na mali hiyo inatumika kunijengea mizinga usoni, mimi ninaishika kama magendo ya vita, sawa na ningeshika farasi au baruti zenu.

Cary aliondoka mikono mitupu. Maana angejibu nini? Akisema watu si mali, utumwa umekwisha. Akisema Virginia bado ni Marekani, uasi umekwisha.

Habari zilisambaa upande wa pili wa maji bila gazeti wala simu. Siku mbili tatu hazikupita, watu wakaanza kufika kwa makundi: wanaume, kina mama wenye watoto mgongoni, wazee. Ngome ikapewa jina la Ngome ya Uhuru. Washington ikabidi ijadili; waziri wa vita Simon Cameron akaandika kuidhinisha, na tarehe 6 Agosti Bunge likapitisha sheria ya kwanza ya kutwaa mali ya waasi, iliyofuata njia ya hoja hiyo. Tangazo la Lincoln la kuwaacha huru watumwa lilikuja 1863, miezi 19 baada ya ile mashua.

Mwali wa Sheria

Mimi ninasoma sheria mwaka wa tatu. Mtoa mada, hoja ni kali, nakubali. Lakini mbona inaniuma? Aliwaokoa kwa kukubali kwamba wao ni vitu. Magendo! Huo ni ushindi wa wakili, si wa binadamu.

Jogoo la Shamba

Dada umenena. Hapo ndipo mimi nilipokwama.

Msoma Tarehe

Mwali wa Sheria, umegusa penyewe. Na Butler mwenyewe aliliona hilo ndani ya wiki chache. Tarehe 30 Julai 1861 alimwandikia Cameron barua ambayo kila anayesomea sheria angefaa kuisoma. Anaanza kwa hesabu. Anao watu 900: wanaume wenye nguvu 300, wanaume 30 waliokwisha kuzeeka kwa kazi nzito, wanawake 175, watoto walio chini ya miaka 10 ni 225, na wenye miaka 10 hadi 18 ni 170. Kisha anauliza swali ambalo hoja yake ya Mei haikuwa na jibu lake. Mwanaume aliyejenga boma la adui ni magendo ya vita, sawa. Na huyu mtoto wa miaka mitatu? Na mama yake? Hawakujenga boma lolote.

Halafu anakwenda mbele. Kama hawa walikuwa mali, basi wenyewe wamewakimbia na kuwaacha, kama mabaki ya meli iliyovunjika, na sisi tuliowaokota tungekuwa wamiliki. Lakini sisi hatuhitaji wala hatutaki umiliki wa namna hiyo. Basi umiliki wote si umekoma? Si wamerudi kuwa wanaume, wanawake na watoto?

Hapo ndipo ninapomheshimu. Alianza Mei na hoja ya mali, akamaliza Julai na hoja ya utu, na kilichomsogeza ni kukaa na watu 900 mlangoni kwake, kuwahesabu na kuwalisha. Aprili alikuwa tayari kuzima uasi wao. Nasisitiza: waliomsogeza ni wao. Baker, Townsend na Mallory walianza kupiga makasia kabla ya jenerali yeyote kuwa na hoja yoyote. Vitabu vingi vinampa Butler sifa za ile siku kana kwamba aliwafuata kwa mashua yeye, na hilo linanikera.

Wala maisha ngomeni hayakuwa mepesi. Kisheria hawakuwa watumwa wala huru, mishahara ilicheleweshwa au kukatwa, na walikaa kwenye vibanda. Hampton ilipochomwa na waasi wenyewe mwezi Agosti, wakimbizi walijenga makazi yao juu ya majivu ya nyumba za mabwana zao. Mwanamke mweusi aliyezaliwa huru, Mary Peake, akaanza kufundisha watoto hapo, na mti mkubwa unaohusishwa na madarasa yake bado umesimama hadi leo.

Kijeshi Butler alikuwa wa wastani, tena ninamhurumia. Tarehe 10 Juni, huko Big Bethel, vikosi vyake viwili vilirushiana risasi gizani kabla hata ya kumwona adui, na mapigano yenyewe wakashindwa. Mawakili si makamanda.

Kaka Mussa wa Mererani

Mkuu mbona hutaji New Orleans? Nilisoma mahali wakimwita Mnyama, na kwamba aliiba vijiko vya fedha.

Msoma Tarehe

Ninafika hapo kaka.

Tarehe 1 Mei 1862 alichukua amri ya New Orleans baada ya manowari za Farragut, kamanda wa majini wa Muungano, kuuteka mji. Ulikuwa mji mkubwa kuliko yote Kusini, na wenyeji wakimchukia. Wanawake waliwatemea mate askari wake. Mmoja alimwagia Farragut uchafu wa chombo cha chumbani kutoka dirishani. Butler akatoa Amri Namba 28: mwanamke atakayemtusi askari atahesabiwa kama malaya anayefanya biashara yake. Matusi yakakoma. Dunia ikapiga kelele, hadi bunge la Uingereza. Mimi amri hiyo siipendi hata kidogo. Kumvunjia mwanamke heshima ili kulinda heshima ya askari ni njia mbaya.

Tarehe 7 Juni alimnyonga William Mumford, aliyeishusha na kuichana bendera ya Marekani kwenye jengo la kutengeneza sarafu. Kwa hilo Davis akatangaza Desemba kwamba Butler ni mhalifu, akikamatwa anyongwe papo hapo. Kitu ambacho watu hawakisemi: miaka kadhaa baada ya vita, mjane wa Mumford alikuwa katika dhiki na akamwendea Butler, naye akamtafutia kazi serikalini Washington.

Kuhusu vijiko, tuhuma hazikuthibitishwa kamwe. Lakini ndugu yake, Andrew, alitajirika kwa biashara mjini humo chini ya kivuli chake, na Butler alifumba macho. Hilo ni doa na linabaki doa.

Sasa ile homa. New Orleans ilikuwa makaburi ya homa ya manjano. Mwaka 1853 iliua maelfu. Wenyeji waliomba ije iwamalize Wayankee, yaani watu wa Kaskazini. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeieneza. Butler, ambaye baba yake aliuawa na ugonjwa huo huo, aliweka karantini kali kwenye mto, akaajiri maskini wa mji kufagia mitaa, kuzibua mifereji na kuzoa taka, na fedha za kuwalipa na kuwalisha akawatoza matajiri waliochangia silaha za waasi. Mwaka huo homa iliua watu wawili hivi tu. Wakati mmoja maskini wamepata chakula na mji umepona. Kama kuna sifa moja ya utawala wake ambayo hata adui hakuweza kuikana, ni hiyo.

Na huko ndiko alikopiga hatua ya pili. Jenerali Phelps alitaka kuwapa silaha weusi waliokimbilia kwake, Butler akamkatalia, Phelps akajiuzulu. Wiki chache baadaye Butler akafanya jambo lile lile kwa mlango mwingine: aliwaita wanaume weusi huru wa mji, wenye kikosi chao cha mgambo, na tarehe 27 Septemba 1862 kikosi cha kwanza kikaingia rasmi jeshini, kikiwa na makapteni weusi. Mmoja wao, André Cailloux, alikufa akiongoza mashambulizi Port Hudson mwaka uliofuata.

Bi Mkubwa wa Pangani

Subhanallah. Hawa watu walikuwa na moyo. Je, Butler aliwahi kuwaongoza weusi vitani yeye mwenyewe?

Msoma Tarehe

Ndiyo dada, na hiki ndicho kipande kinachonishika zaidi.

Mwaka 1864 aliongoza jeshi la mto James, Virginia. Kampeni yake ya Mei ilikwama Bermuda Hundred, waasi wakamfungia kwenye kona ya mito miwili. Lakini tarehe 29 Septemba, New Market Heights, alituma askari weusi kupanda kilima chenye boma la waasi. Alitaka wasisimame kufyatua risasi njiani, kwa hiyo bunduki zilitolewa fataki za kulipulia risasi. Waende na singe tu. Mbele yao kulikuwa na kinamasi na safu mbili za miti iliyochongwa ncha. Maofisa weupe wakaanguka, na masajini weusi kama Powhatan Beaty, Milton Holland na Robert Pinn wakashika uongozi wa kombania zao. Kilima kikatekwa. Askari weusi 14 walipewa nishani ya juu kabisa ya nchi kwa siku hiyo. Butler akatengenezesha pia medali ya fedha kwa pesa zake mwenyewe kwa ajili ya askari wake weusi.

Mwezi uliofuata akasikia kwamba waasi wamewaweka mateka weusi kuchimba mahandaki chini ya mizinga. Akachukua mateka wa waasi, akawaweka kuchimba mfereji wa Dutch Gap chini ya mizinga ya wenzao, akawatumia salamu. Mateka weusi wakaondolewa mahandakini. Ukatili kwa mateka ni ukatili, najua, lakini hakuna jenerali mwingine aliyewathamini askari weusi kiasi cha kulipiza kwa ajili yao namna hiyo.

Desemba aliharibu huko Fort Fisher, ngome ya waasi North Carolina. Meli iliyojazwa baruti ililipuliwa karibu na ngome bila kuidhuru, akaondoa watu wake. Januari 1865 Grant akamwondoa kazini, na wiki moja baadaye ngome ikatekwa na mtu mwingine.

Akarudi kwenye mdomo, silaha yake halisi. Alichaguliwa Bungeni 1866, sasa akiwa Republican, chama cha Lincoln. Mwaka 1868 alifungua mashtaka dhidi ya Rais Andrew Johnson, aliyemrithi Lincoln, mbele ya Seneti. Johnson akaponea kura moja. Nadhani Butler aliendesha kesi ile kama ya wezi wa farasi, kwa maneno mengi ya kisheria, wakati taifa lilihitaji kuambiwa waziwazi kwamba Rais anawauza watu waliokombolewa juzi. Alisukuma sheria ya 1871 dhidi ya Ku Klux Klan, genge la weupe lililowatesa weusi. Hadi leo Mmarekani anayemshtaki polisi kwa kuvunja haki zake hutumia kifungu kilichozaliwa na sheria hiyo.

Januari 1874 alisimama Bungeni kutetea mswada wa haki za raia alioupigania pamoja na seneta Charles Sumner: mtu mweusi aruhusiwe hotelini, kwenye treni, kwenye tamthilia, sawa na mwingine. Akawasimulia wabunge New Market Heights. Alisema alipita juu ya farasi baada ya mapigano, na katika eneo jembamba, urefu wa yadi 300, kulikuwa na maiti 543 za wenzake weusi, na alimwongoza farasi huku na kule asije akawakanyaga. Akasema alitazama nyuso zao zikielekea juani, akala kiapo kwamba hatawasaliti. Muswada ulipita baada ya yeye kushindwa uchaguzi, katika siku za mwisho za muhula wake, na Grant, sasa akiwa Rais, akautia saini tarehe 1 Machi 1875.

Mwaka 1883 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo. Ilichukua hadi 1964 kuirudisha.

Mwali wa Sheria

Miaka 81 baadaye! Na yeye alikuwa wapi 1883?

Msoma Tarehe

Alikuwa gavana wa Massachusetts, safari hii kwa tiketi ya Democrat na ya chama cha Greenback, wapenda fedha za karatasi. Alikaa mwaka mmoja tu lakini alimteua George Ruffin kuwa hakimu wa kwanza mweusi wa jimbo hilo, na Clara Barton kusimamia gereza la wanawake. Harvard, iliyokuwa na desturi ya kumpa kila gavana shahada ya heshima, ikamnyima. Mwaka 1884 aligombea urais kwa vyama vidogo vya wafanyakazi, akapata kura kama 175,000. Alifariki Washington tarehe 11 Januari 1893, akiwa ameenda kutetea kesi Mahakama ya Juu, na amezikwa Lowell.

Kaka Mussa wa Mererani

Mkuu nimekuelewa. Swali la mwisho: kuna chochote cha huyu mtu kilichofika kwetu ukiacha merikani?

Msoma Tarehe

Kipo kaka, kwa njia ndefu. Butler aliporudi Monroe mwishoni mwa 1863 alijenga shule ya watoto wa wakimbizi. Mwaka 1868 hapo hapo Hampton kikaanzishwa chuo ambacho Booker T. Washington, kiongozi mweusi wa elimu, alisoma. Mwalimu mmoja wa chuo hicho, Thomas Jesse Jones, ndiye aliyeongoza tume ya elimu ya Phelps-Stokes iliyozunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja mwaka 1924 pamoja na James Aggrey wa Gold Coast, na kutokana na mapendekezo ya tume hiyo shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete 1925 kufundisha walimu wa vijijini. Wapo waliouona mfumo huo, wa kazi za mikono kwanza, kuwa njia ya kumfunga Mwafrika asisome zaidi, na W.E.B. Du Bois, msomi mweusi, aliupinga vikali huko huko Marekani. Mimi niko upande wa Du Bois. Watoto wale 225 wa kwenye barua walistahili kila aina ya elimu, pamoja na ya sheria.